Bosnia, Mpaka wa Kale wa Ulaya: Aendaye Huko Atazame Nini?

Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika Kitabu Chake, ametuamrisha zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi na tuangalie mwisho wa waliotutangulia. Hakutuamrisha kutembea peke yake; ameufunga mwendo wa miguu pamoja na kazi ya macho na moyo. Basi mtu akisafiri kisha akarudi na picha tupu, ametimiza nusu ya amri, tena nusu iliyo ndogo.

Tumelitanguliza neno hili kwa sababu wazazi kadha wenye vijana wanaosoma Ulaya wametuletea swali. Wanasema: Vijana wetu wapatapo likizo huzunguka miji mikubwa ya huko wakitazama minara na maduka. Je, hapana mahali katika bara hilo ambapo kijana wa Kiislamu atakwenda, akarudi ameongeza kitu katika dini yake na akili yake?

Mahali papo. Watu wengi huitaja Andalusi, na ni haki yao kuitaja. Lakini misikiti mikubwa ya Andalusi iliyosalia leo hutazamwa tu, haiswaliwi. Sisi twapenda kuwaelekeza wasomaji wetu kwenye nchi ambayo misikiti yake ya kale ingali ikiadhiniwa mara tano kila siku, nayo ni Bosnia na Herzegovina. Hatukujaaliwa kufika huko wenyewe; haya tumeyakusanya katika vitabu na katika khabari za waliofika.

NCHI YA MPAKANI

Kwanza msafiri na ajue anakwenda wapi, kwani asiyejua khabari za mji huona mawe tu. Waturuki wa dola ya Uthmaniya waliiteka Bosnia mwaka 1463, na Herzegovina ikamalizika mwaka 1482. Tangu hapo nchi hii ikawa ukingo wa dola. Upande wa kaskazini na magharibi walikuwako Wahungaria, kisha wafalme wa Austria. Upande wa bahari walikuwako watu wa Venice. Watu wengi wa nchi wakasilimu kwa muda wa vizazi, wakabaki na lugha yao ile ile ya Kislavi. Baada ya mapatano ya Karlowitz ya mwaka 1699, mpaka wa Bosnia ndio uliokuwa mpaka wa Uthmaniya na Ulaya ya Kikristo, na hata leo upande wa kaskazini magharibi unaitwa Krajina, maana yake nchi ya mpakani.

Mwaka 1878 Austria ikaikalia Bosnia, na mwaka 1908 ikaitia kabisa katika milki yake. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, karibu na daraja liitwalo Latinska ćuprija, mrithi wa ufalme wa Austria aliuawa pamoja na mkewe, na kwa sababu hiyo vikazuka Vita Vikuu vya Kwanza. Baadaye nchi ikawa sehemu ya Yugoslavia. Na Yugoslavia ilipovunjika, vita vikaingia Bosnia kuanzia mwaka 1992 mpaka 1995.

Msafiri mwenye masikio atasikia huko maneno asiyoyatazamia. Wakfu wao huuita vakuf, na iko miji inayoitwa kwa jina hilo, kama Gornji Vakuf na Donji Vakuf. Subira huiita sabur; chuo cha watoto cha Kurani, mekteb; na saa, sahat. Maneno haya yametoka katika chemchemi moja na ya kwetu, yamepita njia nyingine tu.

SARAJEVO: MSIKITI, SAA NA MAKTABA

Jambo la kwanza la kutazamwa ni msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa mwaka 1531 katikati ya soko la kale. Mtu huyu alikuwa gavana wa Bosnia. Mama yake alikuwa binti wa Sultani Bayezid wa Pili. Kuba lake na mnara wake ni vya kupendeza, lakini msafiri asiishie kwenye kuba. Na atazame vilivyouzunguka msikiti: madrasa, maktaba, soko lenye paa la mawe, na kaburi la mwenyewe aliyejenga, aliyefariki mwaka 1541. Vyote hivi vilikuwa wakfu mmoja. Kodi ya maduka ililisha msikiti, msikiti ukalinda madrasa, na madrasa ikatoa maimamu wa kuendesha msikiti. Ni duara lisilo na mwanzo wala mwisho, na ndiyo maana madrasa ile iliyoanzishwa mwaka 1537 inasomesha mpaka leo, wavulana na wasichana.

Katika hati ya wakfu huo Husrev-beg aliagiza kuwa fedha zitakazobaki baada ya ujenzi wa madrasa zinunuliwe vitabu vizuri, wavisome wasomaji na wavinakili wanavyuoni. Hakusema zinunuliwe mazulia wala taa. Sharti hilo moja la maneno machache ndilo lililozaa maktaba ambayo leo ina maelfu ya vitabu vya mkono vya Kiarabu, Kituruki na Kiajemi. Kimo humo kipande cha Ihya ya Imamu Ghazali, kilichonakiliwa wakati Imamu mwenyewe yuhai.

Kando ya msikiti pana mnara wa saa, na hapa Mswahili atatabasamu. Wageni wa Ulaya husimama chini yake wakashangaa, wakidhani imeharibika, kwa kuwa saa hii huonyesha saa kumi na mbili jua linapokuchwa. Sisi hatuna la kushangaa. Ndivyo tuhesabuvyo tangu enzi za mababu. Tofauti ni hii: kwetu, karibu na Ikweta, jua huchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima, basi saa zetu hatuzigusi. Huko Sarajevo siku ndefu za mwezi wa Juni jua huchwa kwenye saa mbili u nusu za usiku kwa hesabu yetu, na siku fupi za Desemba huchwa kwenye saa kumi na dakika kumi za alasiri. Kwa hiyo yuko mtu maalumu, aitwaye muvekit, ambaye kazi yake ni kupanda mnara na kuirekebisha saa ili ifuatane na jua, watu wapate kujua nyakati za swala. Kijana aitazamaye saa ile ajue kuwa hesabu ya saa ya wazee wake si ushamba. Imekaa juu ya mnara katikati ya mji wa Ulaya kwa karne nyingi.

Sasa twende kwenye jambo zito. Vita vilipoanza, Sarajevo ilizingirwa kuanzia Aprili 1992 mpaka Februari 1996, na watu zaidi ya 11,000 wakafa. Majumba ya elimu hayakusalimika. Mwezi wa Mei 1992 Taasisi ya Elimu za Mashariki ilichomwa kwa makombora, na vitabu vya mkono zaidi ya 5,000 vikawa majivu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule ikachomwa maktaba ya taifa, iliyokuwa katika jumba kubwa la Vijećnica kando ya mto. Karatasi zilizoungua zikawa zinadondoka juu ya mji kama manyoya meusi. Jumba hilo limejengwa upya, likafunguliwa mwezi wa Mei 2014, na linafaa kutazamwa. Lakini vitabu vilivyoungua havikurudi.

Vitabu vya Gazi Husrev-beg vilinusurika. Mkuu wa maktaba, Mustafa Jahić, na wenziwe wachache walivitia katika masanduku, wakavihamisha kwa mikono kutoka nyumba moja hadi nyingine, mara baada ya mara, wakivuka njia ambazo watu wa mafichoni walikuwa wakizilenga kwa bunduki. Na miongoni mwa waliobeba masanduku hayo alikuwamo mlinzi wa usiku wa maktaba, Mwislamu aliyetoka Kongo. Wala vitabu vile havikuwa vya nchi yake, wala havikuandikwa kwa lugha ya mama yake. Aliviona ni amana ya umma, akaibeba. Jumba jipya la maktaba hiyo lilifunguliwa mwaka 2014 kwa msaada wa Qatar. Aingiaye humo na amkumbuke mlinzi yule kwa dua.

Katika makumbusho ya taifa ya mji huo huo kimo kitabu cha Mayahudi cha sikukuu yao ya Pasaka, kilichoandikwa na kupambwa Hispania katika karne ya 14. Mayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, wengi walipata hifadhi katika dola ya Uthmaniya, na kitabu nacho mwishowe kikafika Bosnia. Mwaka 1942, majeshi ya Hitler yalipokitaka, Mwislamu mmoja aliyekuwa mtunza vitabu, Derviš Korkut, alikificha kisipatikane. Yeye na mkewe wakamficha pia msichana wa Kiyahudi nyumbani mwao. Hii ni khabari ya kuwasimulia watoto wetu wanapouliza amana ni nini.

MOSTAR: DARAJA LILILOANGUKA LIKASIMAMA

Kusini mwa Sarajevo, juu ya mto Neretva, uko mji wa Mostar, ambao jina lake limetokana na walinzi wa daraja. Daraja la Kale lilijengwa kwa amri ya Sultani Suleiman na fundi Hayruddin, mwanafunzi wa Sinan mkuu, likamalizika mwaka 1566. Ni tao moja la jiwe, upana wa karibu mita 29 kutoka ukingo hadi ukingo, lisilo na nguzo hata moja ndani ya maji. Lilisimama miaka 427. Tarehe 9 Novemba 1993 jeshi la Wakroati wa Bosnia lililipiga kwa kifaru mpaka likaanguka mtoni.

Baada ya vita, wapiga mbizi wa jeshi la Hungaria waliyatoa mawe yake chini ya maji. Mengi hayakufaa tena, yakachongwa mengine ya jiwe la aina ile ile, kwa njia za mafundi wa zamani. Tarehe 23 Julai 2004 daraja likafunguliwa. Vijana wa mji huruka kutoka juu yake na kujitosa mtoni, mchezo wa tangu zamani. Msafiri awatazame, asiwaige, kwani maji yale ni baridi mno na wageni wameumia.

Karibu na hapo iko Blagaj, ambako mto Buna hutoka mzima mzima katika pango chini ya jabali refu, na nyumba ya kale ya masufii imejengwa mlangoni mwake. Kuelekea baharini iko Počitelj, mji mdogo wa ngome uliopanda mlima kama ngazi, uliokuwa ukiwatazama watu wa Venice ng'ambo ya mpaka. Msikiti wake wa Hadži Alija, wa karne ya 16, uliharibiwa mwaka 1993 na umekwisha kujengwa upya.

TRAVNIK, JAJCE NA BIHAĆ

Travnik ulikuwa makao ya mawaziri wa Kituruki kwa muda mrefu baada ya mwaka 1699. Hapo pana msikiti uliopakwa nakshi za rangi nje na ndani, na chini yake yamo maduka. Jajce ni ngome juu ya kilima, na chini yake mto Pliva huporomoka na kuangukia mto Vrbas katikati ya mji. Ngome hii yaonyesha maisha ya mpakani yalivyokuwa: Waturuki waliitwaa mwaka 1463, Wahungaria wakaitwaa mwaka ule ule, isirudi tena mpaka baada ya miaka zaidi ya 60.

Bihać, karibu kabisa na mpaka wa Kroatia, una msikiti uitwao Fethija. Mtazamaji ataona madirisha yake marefu yenye ncha, akajiuliza ni ya mtindo gani. Ni madirisha ya kanisa. Jengo lilikuwa kanisa la kale la Wakatoliki, likageuzwa msikiti baada ya mji kutekwa mwaka 1592. Twalitaja hili kwa makusudi. Msafiri wa Kiislamu asiende mpakani akahesabu waliyotendewa Waislamu tu, akafumba macho palipo na ya wengine. Mpaka ni mahali ambapo kila upande una kaburi na kila upande una mama aliyelia. Mwenyezi Mungu ametuamrisha uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu, na ushahidi wa anayeyasema yote ndio unaosikilizwa anaposema kuwa amedhulumiwa.

BANJA LUKA: MAWE YALIYOTAFUTWA JAANI

Baada ya kusema hayo, twasema na haya. Katika Banja Luka, Ferhad Pasha Sokolović alijenga mwaka 1579 msikiti uliohesabiwa miongoni mwa mizuri ya nchi nzima. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei 1993 ukalipuliwa. Mji haukuwa uwanja wa mapigano wakati huo. Msikiti uliondolewa ili isisalie dalili kuwa Waislamu walipata kuishi hapo. Misikiti yote 16 ya mji iliharibiwa katika mwaka huo. Mawe ya Ferhadija yakachukuliwa, mengine yakatupwa jaani, mengine majini.

Tarehe 7 Mei 2001 Waislamu walipokusanyika kuweka jiwe la msingi, walishambuliwa na kundi la watu, na mmoja wao akafa kwa majeraha. Hawakuacha. Waliyatafuta mawe ya asili katika majaa na ndani ya maji, wakayachunguza moja moja lilikuwa la wapi, wakayarudisha mahali pake. Tarehe 7 Mei 2016, miaka 23 kamili tangu kulipuliwa, msikiti ulifunguliwa. Anayeswali rakaa mbili humo na aupapase ukuta: atakuta jiwe la zamani limekaa ubavuni mwa jiwe jipya.

VIŠEGRAD NA SREBRENICA

Mashariki, juu ya mto Drina, liko daraja la Višegrad lenye matao 11, kazi ya Sinan mwenyewe, lililomalizika mwaka 1577. Aliyelijenga, Mehmed Pasha Sokolović, alizaliwa kijiji cha karibu na hapo, akachukuliwa mdogo na dola, akafikia kuwa waziri mkuu. Hakusahau alikotoka, alipopata uwezo aliwajengea watu wa kwao njia ya kuvuka. Lakini juu ya daraja hilo hilo, mwaka 1992, Waislamu wa mji waliuawa na kutupwa mtoni. Basi alitazamaye asilitazame kwa furaha tupu.

Mwisho ni Srebrenica. Hapa hatuiti mahali pa kutazama, twaita mahali pa kuzuru. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza mji huu kuwa wa amani. Mwezi wa Julai 1995 jeshi la Waserbia wa Bosnia liliuteka, likawaua wanaume na wavulana zaidi ya 8,000. Mahakama za dunia zimehukumu kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari. Katika makaburi ya Potočari yamesimama mawe meupe safu kwa safu, na kila tarehe 11 Julai huzikwa wale ambao mifupa yao imetambuliwa. Mzuru awape salamu watu wa makaburi, awaombee, akae kimya. Picha za kujionyesha hazina mahali hapo. Na mzazi amwelezapo mtoto, amweleze kwamba waliotenda ni watu waliofundishwa kwa muda mrefu kumwona jirani kuwa si mtu; amwonye asije yeye naye akafundishika hivyo juu ya yeyote.

ADABU ZA MZURU

Wakati mzuri wa kwenda ni kati ya Mei na Septemba. Baridi ya huko ina theluji. Nyakati za swala msikiti si wa kutembeza wageni: ingia uswali, ama subiri nje. Nyama ya halali ni nyingi katika miji ya Waislamu, lakini nchi ni ya dini mbalimbali, basi uliza. Milimani na maporini usiache njia, maana mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita hayajamalizika kuondolewa. Na ukipata mwenyeji, kaa naye unywe kahawa. Mengi ya nchi ile hayakuandikwa kwenye vibao.

TURUDI KWETU

Tumeyasema haya kwa wachache watakaosafiri, na kwa wengi tutakaobaki. Katika nyumba nyingi za pwani yetu yako masanduku ya vitabu vya mkono vya mababu, na katika miji yetu ziko nyumba na mashamba ya wakfu. Vitabu vile wa Bosnia walivibeba chini ya risasi. Vyetu havikupigwa kombora hata moja. Vinaliwa na mchwa, na paa likivuja juu yake hakuna anayepanda kuliziba. Adui akibomoa msikiti, umma huamka wakaujenga. Uzembe ukibomoa, hapana anayesikia kishindo.

Basi twaomba kila nyumba isomayo ukurasa huu ifanye moja kati ya mawili: ama ifungue sanduku la vitabu vya wazee, ivipeperushe, ivifute vumbi, na kumwita mwenye elimu avitazame, ama imwulize msimamizi wa wakfu ulio karibu, kwa adabu, hali yake ikoje. Kijana naye atakayekwenda Bosnia na atuletee khabari za aliyoyaona.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliojenga, awarehemu waliouawa, awalipe kheri waliobeba, na atujaalie sisi tuwe miongoni mwa wanaotunza. Amin.